Shajara ya mradi: Kutambua Louis d'or kwa mizani, 1640–1793

Lengo na mipaka

Mradi huu unaandaa kadi za utambuzi za Louis d'or, sarafu ya dhahabu ya wafalme wa Ufaransa, kwa Kiswahili. Kila aina kuu inapata kadi yake, kuanzia ile ya kwanza ya Louis XIII mwaka 1640 hadi kipande cha livre 24 (livre ni kipimo cha hesabu ya fedha cha Ufaransa) cha mwaka 1793. Mtu mwenye mizani ndogo, kalipa (kifaa cha kupima kipenyo), lenzi na kikombe cha maji anatakiwa aweze kujua ameshika nini kabla hajaenda kwa sonara au kumlipa muuzaji.

Tunaanza na uzito, sura ya mfalme inafuata. Jina "Louis" lilidumu miaka 150, lakini dhahabu iliyobebwa na jina hilo ilipanda na kushuka kati ya gramu 6.5 na gramu 12.2. Kila badiliko lilitoka kwenye amri yenye tarehe, na nyuma ya amri kulikuwa na hazina iliyobanwa na vita, madeni au biashara ya fedha na majirani. Sura husuguliwa hadi ikafutika, ilhali sarafu iliyochakaa bado hubaki karibu na uzito wa enzi yake. Vipenyo vya aina nyingi vinakaribiana, milimita 24 au 25, kwa hiyo kalipa peke yake haitoi jibu.

Ingizo 1: Jedwali la uzito. Limekamilika

Amri za kifalme hazikutaja uzito wa kipande kimoja. Zilitaja idadi ya sarafu zitakazotoka katika marki moja ya Paris ya dhahabu ya karati 22. Marki hiyo ni aunsi 8, au punje 4,608, sawa na gramu 244.75. Tukiigawa tunapata:

1640: sarafu 36¼ kwa marki, gramu 6.752, thamani livre 10
1709: sarafu 30, gramu 8.158, livre 20
1716: sarafu 20, gramu 12.238, livre 30
1718: sarafu 25, gramu 9.790, livre 36
1720: sarafu 25, gramu 9.790, livre 54
1723: sarafu 37½, gramu 6.527, livre 27
1726: sarafu 30, gramu 8.158, livre 20, na miezi michache baadaye livre 24
1785: sarafu 32, gramu 7.649, livre 24

Takwimu hizi ni wastani wa marki nzima. Kiwanda kiliruhusiwa kupotoka kidogo, na sokoni sarafu ilizidi kupungua, kwa hiyo kipande kilichotembea sana kinaweza kukosa sehemu ya kumi ya gramu au zaidi bila kuwa na kasoro. Kikizidi uzito wa amri kwa kiasi hicho hicho, hapo pana shaka, maana dhahabu haiongezeki mfukoni.

Safu ya thamani inahitaji maelezo, kwa sababu wengi hudhani livre ilikuwa sarafu. Livre ilikuwa hesabu tu, livre moja ikiwa sol 20 na sol moja denier 12. Louis d'or ya mfalme haikuandikwa thamani popote, na hilo lilimpa mfalme nguvu kubwa. Aliweza kutangaza asubuhi kwamba Louis iliyokuwa livre kadhaa sasa ni zaidi, na madeni yote ya nchi yakabadilika uzito bila sarafu kuguswa. Tumeongeza safu nyingine inayoonyesha dhahabu ya karati 22 iliyokuwa nyuma ya livre moja: gramu 0.675 mwaka 1640, gramu 0.181 mwaka 1720, gramu 0.34 baada ya Mei 1726. Hata baada ya mambo kutulia, livre ilikuwa imepoteza nusu ya dhahabu yake.

Ingizo 2: Kadi ya 1640

Tamko la kuanzisha Louis d'or ni la tarehe 31 Machi 1640, chini ya Claude de Bullion, msimamizi wa fedha wa Louis XIII. Ufaransa ilikuwa imejaa dhahabu ya kigeni, hasa pistole za Hispania, na nyingi zilikuwa zimenyolewa kingo kwa mkasi. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo haikuwa duara kamili tangu mwanzo, kwa hiyo aliyeikata hakuacha alama ya kumshtaki. Serikali ilikusanya dhahabu hafifu na kuigonga upya kwa uzito na karati za pistole, ili wafanyabiashara waipokee bila kubishana.

Mihuri ilichongwa na Jean Varin, mzaliwa wa Liège. Kazi ilifanywa kwa mitambo: dhahabu iliyoyeyushwa ilimiminwa kuwa vipande virefu, ikapitishwa kati ya rola hadi kufikia unene mmoja, visahani vikakatwa, kimoja kimoja kikapimwa, kilichozidi kikapunguzwa kwa tupa, kisha kikagandamizwa kwa mtambo wa parafujo uliozungushwa na watu wakivuta mikono yake mirefu. Kugonga sarafu kwa nyundo kulipigwa marufuku mwaka 1645.

Yanayoandikwa kwenye kadi: upande wa mfalme, kichwa chenye taji la majani ya mlorea kikitazama kulia, na maandishi LVD XIII D G FR ET NAV REX. Upande wa nyuma, herufi L nane zilizopangwa msalaba, kila mkono ukiwa na taji, na herufi ya kiwanda katikati. Maandishi yake ni CHRS REGN VINC IMP, yaani Kristo anatawala, anashinda, anaamuru, tamko lililokuwapo kwenye dhahabu ya Ufaransa tangu sarafu ya écu ya Louis IX mwaka 1266. Ukingo ni laini. Mihuri imepishana juu-chini: ukiigeuza sarafu kutoka juu kwenda chini, pande zote mbili husimama wima.

Mtego mkubwa wa kadi hii ni mwaka 1643. Louis XIII alifariki tarehe 14 Mei 1643 na mwanawe akarithi akiwa na miaka minne, kwa hiyo mwaka huo una sarafu za wafalme wawili. Louis XIV kwenye sarafu zake huandikwa XIIII, vijiti vinne. Kijiti kimoja kikifutika unampa baba sarafu ya mwana. Angalia sura kwanza: ya mwana ni ya mtoto mwenye shavu la mviringo na kishungi cha nywele, kifupi kwenye toleo la awali, kirefu kwenye lililofuata.

Michirizo sambamba inayokatiza sura au taji si lazima iwe uharibifu. Ikiwa iko chini ya mchoro, yaani herufi zimepita juu yake, ni alama ya tupa ya kiwandani wakati wa kusawazisha uzito. Mchirizo unaokata herufi ulikuja baadaye.

Ingizo 3: Sarafu zilizogongwa upya, 1690–1709. Kadi ngumu kuliko zote

Hapa mizani inakaribia kunyamaza. Vita vya Muungano wa Augsburg, 1688 hadi 1697, vilikausha hazina, na amri ya Desemba 1689 ikaleta mbinu mpya. Mwenye Louis ya zamani aliipeleka kiwandani, ikapokewa kwa bei ya chini, ikagandamizwa kwa mihuri mipya bila kuyeyushwa, kisha ikatolewa kwa livre 12 na sol 10. Tofauti ilikuwa ya mfalme. Mwaka 1693 zoezi likarudiwa kwa livre 14, na likarudiwa tena mwaka 1701 na 1704 wakati wa Vita vya Urithi wa Hispania. Dhahabu ilibaki ile ile na uzito ule ule wa gramu 6.75, ukiondoa kilichosuguliwa.

Matokeo yake sarafu moja ina michoro miwili, na mwenye haraka huiona kama feki au kosa la kiwanda. Utaratibu wa kuisoma:

Weka taa pembeni, mwanga ulale karibu usawa na meza. Taa ya juu hufuta kila kitu. Zungusha sarafu polepole badala ya kusogeza taa. Tazama kwanza nafasi kati ya herufi karibu na ukingo, kwa sababu pale shinikizo la muhuri mpya ni dogo na herufi za zamani husalia. Kisha tazama uwanja mtupu mbele ya shingo ya mfalme, halafu eneo la tarehe, ambako tarakimu za mwaka wa zamani huonekana kando ya mpya. Mwishowe linganisha pembe kati ya mchoro wa juu na wa chini. Fundi hakupoteza muda kuvipanga, kwa hiyo pembe ikitoka sifuri kabisa kwenye vipande kadhaa, shuku.

Kwenye kadi kuna nafasi mbili tofauti, "aina ya juu" na "aina ya chini". Tarehe ya kuorodhesha ni ya juu.

Kuna jambo lililoongezwa kadi ikiwa karibu kufungwa, na ni zito. Faida ya kugonga upya ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba watu binafsi, ndani ya Ufaransa na nje ya mipaka, walitengeneza mihuri yao na kugonga Louis halali za zamani kwa siri. Kipande cha namna hiyo kina dhahabu ya karati 22, uzito sahihi na uzee wa kweli. Mizani na maji vitakipitisha. Kinachokiumbua ni uchongaji: herufi zisizolingana urefu, taji lenye shanga zilizosongamana, alama ya kiwanda isiyolingana na mwaka. Kadi inakitenga na feki za kisasa, maana chenyewe ni kumbukumbu ya enzi ile.

Mwaka 1709 mtindo huu uliachwa. Zikatolewa sarafu mpya za gramu 8.158 kwa livre 20, zenye jua katikati ya herufi L nane. Mizani inarudi kazini.

Ingizo 4: Kipimo cha maji

Densiti, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo, ya dhahabu ya karati 22 iliyochanganywa na shaba tupu ni 17.6. Mchanganyiko wenye fedha badala ya shaba hufika karibu 18.0. Sarafu za kale zilikuwa na vyote viwili, kwa hiyo kadi inakubali kati ya 17.5 na 18.1.

Hatua: pima sarafu kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi hadi izame yote bila kugusa chini wala ukuta. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo, kisha zidisha kwa densiti ya maji.

Namba za kutarajia kwa aloi ya shaba: gramu 0.383 kwa Louis ya 1640, 0.434 kwa ya 1785, 0.463 kwa za 1709 na 1726, 0.556 kwa za 1718 na 1720, 0.695 kwa ya 1716.

Kosa kubwa ni mizani yenyewe. Mizani nyingi za mfukoni husoma hadi gramu 0.01. Kwa Louis ya 1640, kosa la tarakimu hiyo moja linaweza kusogeza jibu popote kati ya 17.2 na 18.1, nafasi pana kuliko yote inayokubaliwa na kadi. Mizani hiyo inatosha kukamata shaba nyeupe au shaba nyekundu iliyopakwa dhahabu, ambayo densiti yake iko karibu 8 au 9, na hata dhahabu ya karati 18, ambayo ni takriban 15 hadi 15.5. Kuthibitisha karati 22 kunataka mizani ya gramu 0.001, iliyofunikwa dhidi ya upepo wa feni.

Uzi wa pamba hunyonya maji na kuvuruga namba, tumia nailoni nyembamba ya kuvulia. Povu dogo la upana wa milimita 2 huongeza gramu 0.004 na kushusha densiti. Chemsha maji, yaache yapoe, tia tone la sabuni, kisha tikisa sarafu ndani ya maji kabla ya kusoma. Joto nalo lina sehemu yake: chumbani kwenye nyuzi 30, kama ilivyo kawaida Mombasa au Dar es Salaam, densiti ya maji ni 0.9957. Asiyeirekebisha ataona 17.70 mahali pa 17.62.

Asidi na jiwe la sonara hatuvipendekezi. Vinapima ngozi ya sarafu, na vinaacha mkwaruzo utakaobaki milele kwenye kitu kilichodumu karne tatu.

Ingizo 5: Miaka kumi ya misukosuko, 1716–1726

Louis XIV alifariki tarehe 1 Septemba 1715, akaacha deni kubwa na mrithi wa miaka mitano. Chini ya mwangalizi wa ufalme Philippe d'Orléans, uzito ulibadilishwa mara kwa mara kuliko wakati mwingine wowote. Ya 1716 inaitwa kwa jina la Duke wa Noailles, na kwa gramu 12.24 haichanganyiki na nyingine, isipokuwa mtu akiidhani Louis mbili ya zamani, yaani kipande kimoja chenye uzito wa Louis mbili, ambacho ni gramu 13.5. Ya 1718 ina msalaba wa Malta. Ya 1720 ina uzito ule ule na herufi L mbili. Hapo tenganisha kwa mchoro.

Kati yake kulikuwa na mfumo wa John Law, Mskoti aliyefungua benki mwaka 1716 na kutaka noti zichukue nafasi ya dhahabu. Tarehe 27 Februari 1720 ilikatazwa mtu kumiliki zaidi ya livre 500 za sarafu. Kabla mwaka haujaisha mfumo ulikuwa umeanguka, na wananchi waliobaki na karatasi walijifunza kuamini dhahabu peke yake.

Ya 1723 hadi 1725, iitwayo mirliton, ina herufi L mbili za mwandiko wa kupinda zilizosukana chini ya taji na kuzungukwa na matawi ya mtende. Vipande vingi vinavyojulikana vilipatikana kwenye mabaki ya meli ya Le Chameau, iliyozama karibu na Louisbourg, Kanada, mwezi Agosti 1725, na kuzamiwa mwaka 1965. Mtego wake ni sarafu ya faranga 20 ya Louis XVIII ya 1814–1824, ambayo nayo huitwa Louis na ina gramu 6.45. Kipenyo kinamaliza ubishi: ya faranga 20 ni milimita 21, na thamani imeandikwa juu yake.

Mwaka 1726 ukaleta utulivu. Ngao mbili za mviringo, ya Ufaransa yenye maua matatu ya yungi na ya Navarre yenye minyororo, zilikaa bega kwa bega, na Wafaransa wakaiita Louis ya miwani. Livre 24 haikuguswa hadi 1785. Mwaka 1938 nyumba iliyokuwa ikibomolewa mtaa wa Mouffetard, Paris, ilitoa ukutani zaidi ya vipande 3,000 vya dhahabu vya Louis XV. Mwenye kuficha aliamini kwamba Louis aliyoiweka leo itakuwa Louis ile ile kesho, imani ambayo babu yake wa 1693 hakuwa nayo.

Ingizo 6: Herufi za viwanda na namna ya kuandika

A ni Paris, B Rouen, BB Strasbourg, D Lyon, H La Rochelle, K Bordeaux, L Bayonne, M Toulouse, N Montpellier, W Lille, na ng'ombe mdogo ni Pau. Mfumo wa herufi ni wa François I, mwaka 1540. BB mara nyingi husomwa B pale herufi ya pili inapochakaa, na hapo Strasbourg inageuka Rouen.

Nakili maandishi kama yalivyo. Sarafu za karne ya 17 zina LVD, baadaye LUD. Ukisawazisha zote kuwa U, unafuta kidokezo cha enzi.

Ingizo 7: Bandia na majeraha

Feki ya kumiminwa ina ngozi yenye chembechembe, mashimo madogo, herufi zilizoviringika kona, na pengine mshono kwenye ukingo uliofutwa kwa tupa. Feki ya kugongwa kwa muhuri ulionakiliwa ni hatari zaidi: kila kipande kina kovu lile lile mahali pale pale. Dawa yake ni kukusanya picha na kulinganisha makovu.

Ukingo husaidia. Tangu miaka ya 1680, mtambo wa Jean Castaing, wenye reli mbili za chuma zinazoviringisha kisahani, ulitia alama ukingoni ili mwenye mkasi aonekane. Louis ya miwani yenye ukingo laini imekatwa, imesuguliwa au ni bandia.

Jeraha la kawaida kuliko yote ni la sarafu iliyogeuzwa kidani. Tafuta juu ya kichwa cha mfalme, mahali pa saa kumi na mbili kwenye uso wa saa, pachiko la risasi au dhahabu yenye rangi tofauti. Lehemu huongeza uzito na kuharibu kipimo cha maji. Usiisugue sarafu kwa dawa ya meno, magadi wala ndimu. Maji safi na kitambaa laini cha kukandamiza vinatosha.

Ingizo 8: Tanbihi ya pwani

Wasomaji watauliza kama Louis zilifika kwetu. Uhusiano wa pwani na Ufaransa ya Louis XVI upo, na ni mchungu. Tarehe 14 Septemba 1776 Jean-Vincent Morice alipata mkataba wa Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Bei ilikuwa piastre 20 kwa kila mtu, na 2 za zawadi kwa Sultani. Piastre ni fedha ya Hispania, ndiyo iliyokubalika katika bahari hii. Kwa hiyo muuzaji anayedai Louis yake "ilitoka Kilwa zamani" alete ushahidi. Kadi zetu hazipokei asili ya namna hiyo kwa maneno.

Ingizo 9: 1785–1793

Tamko la 30 Oktoba 1785, kazi ya waziri Calonne, lilipandisha uwiano wa thamani ya dhahabu kwa fedha kutoka 14.5 hadi 15.5, kwa sababu dhahabu iliyothaminiwa chini ilikuwa ikikimbilia nje ya nchi. Dhahabu ya Louis 15 za zamani ikatoa 16 mpya. Gramu 0.51 zilizoondolewa zinaonekana hata kwenye mizani ya duka la vito. Sura ni ya Benjamin Duvivier, kichwa kitupu kikitazama kushoto, na nyuma ngao mbili zenye kona. Nukta chini ya D ya LUD ni nusu ya pili ya mwaka. Kwenye vipande vya Strasbourg vya 1786, BB, tazama juu ya paji la uso: baadhi vina uvimbe kama pembe, na wakusanyaji huvilipia zaidi, kwa hiyo pembe bandia zimechongwa kwenye vipande vya kawaida. Ya kweli imeinuka kutoka kwenye muhuri. Chini ya lenzi haina mfereji kando yake.

Mwaka 1792 Kilatini kiliondoka. LOUIS XVI ROI DES FRANÇOIS, mfalme wa Wafaransa, na nyuma malaika wa Augustin Dupré akiandika katiba chini ya maneno REGNE DE LA LOI. Mfalme aliuawa tarehe 21 Januari 1793. Kipande cha Jamhuri cha mwaka huo kina gramu zile zile 7.649, na ndani ya shada kimeandikwa 24 LIVRES.

Yaliyobaki

Kadi za nusu na za mbili: nusu ya 1640 ni gramu 3.376, nusu ya miwani 4.079, mbili ya 1785 ni 15.297. Kwa nusu, kipimo cha maji bila mizani ya gramu 0.001 hakitawekwa kwenye kadi kabisa. Picha za mwanga wa pembeni za aina za 1690 na 1693 zinapangwa upya, kila moja kwa pembe mbili za taa.